Mwendo na Mafuta katika Gari la Wagonjwa: Mwongozo kwa Dereva Mpya wa Nyanda za Juu Kusini

Kila anapoletwa dereva mpya kwenye gari la wagonjwa, maswali huwa yale yale mawili. La kwanza ni mwendo gani anaoruhusiwa kukimbia akiwa na mgonjwa mahututi. La pili huja baada ya wiki mbili hivi, afisa usafirishaji anapokuwa ameshamwita ofisini: kwa nini mwenzake huenda Tukuyu na kurudi Mbeya kwa mafuta ambayo yeye humwishia Kiwira? Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo nikiwa nimeegemea boneti, na sasa nimeona niyaweke kwenye maandishi.

Maelezo haya yanahusu zaidi Land Cruiser ya hardtop, ile tunayoiita mkonga, yenye injini ya dizeli ya silinda sita isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), kwa sababu ndiyo unayoelekea kukabidhiwa kwenye vituo vingi vya huku. Dereva wa gari dogo anayebeba wajawazito na watoto wachanga kupitia mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama naye atapata humu mambo mengi yanayomhusu, isipokuwa yale ya fowili, yaani kuendesha kwa nguvu ya magurudumu yote manne.

Hesabu moja kabla ya yote

Chukua kilomita 20 za lami nyoofu, kwa mfano kwenye tambarare ya kati ya Igawa na Chimala. Ukienda kilomita 80 kwa saa utazimaliza kwa dakika 15, ukienda 100 utatumia dakika 12, na ukienda 120 utatumia dakika 10. Kwa hiyo anayetoka 80 kwenda 100 anaokoa dakika tatu tu, tena endapo hakuna lori mbele yake, jambo ambalo kwenye barabara hii ya kwenda Tunduma ni nadra.

Sasa tazama unacholipa kwa dakika hizo tatu. Kwenye lami kavu, tairi zikiwa nzima na dereva akiwa macho, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa huhitaji takriban mita 35 mpaka lisimame kabisa, tangu dereva alipoiona hatari. Kwa 80 huhitaji karibu mita 70. Kwa 100 huhitaji karibu mita 100, yaani urefu wa uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Upande wa mafuta nako, upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka 80 hadi 110 upinzani huo unakaribia kuwa mara mbili, na hardtop haikuundwa kupasua hewa: ina umbo la kabati.

Nikiwa mgeni wa kazi hii, kwenye kituo ambacho sitakitaja, tulikaa dakika kumi na moja uani, injini ikiunguruma na mama mwenye kifafa cha mimba akiwa ameshalazwa ndani, tukitafuta spana ya kufungulia mtungi wa oksijeni. Ilipatikana kwenye mfuko wa koti la mtu aliyekuwa amekwenda nyumbani kulala. Nilikimbia njia nzima nikidhani ninazirudisha zile dakika, na nilipopiga hesabu baadaye nikaona sikurudisha hata nne. Tangu siku hiyo, kila gari ninalokabidhiwa, spana hufungwa kwa kamba kwenye shingo ya mtungi. Muda wa mgonjwa hupatikana zaidi uani kuliko barabarani, na ndiyo maana hatua nne za kwanza hapa chini hufanyika kabla ya kuondoka na mgonjwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Leseni hai ya daraja linalolingana na gari, na daftari la safari lenye kalamu inayoandika.
- Mafuta yasiyopungua nusu tangi, usiku na mchana. Gari lenye matangi mawili lihesabiwe kwa yote mawili, na ujue swichi ya kuhamishia iko wapi kabla giza halijaingia.
- Kipimo cha upepo cha kwako mwenyewe. Vya gereji za njiani vingi hudanganya.
- Spana ya oksijeni iliyofungwa kwa kamba, mikanda yote ya machela, na mkanda wa kuushikilia mtungi wenyewe.
- Jeki, tairi ya akiba yenye upepo, pembetatu za kuakisi, mawe mawili au kabari za kuzuia magurudumu, tochi, na chujio moja la dizeli la akiba.
- Namba za simu za mapokezi ya hospitali unazopeleka wagonjwa mara kwa mara, zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima.

Hatua

1. Kagua gari asubuhi, kabla hujaitwa. Angalia oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki na fani belti. Pima upepo tairi zikiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, wala si kwa kupiga teke. Tairi yenye upepo mdogo hula mafuta, huchemka, na kwenye kona za mlima hulegea. Mara moja kwa wiki legeza kizibo cha chini ya chujio la dizeli, umwage kwenye chupa safi, kisha uangalie kama kuna maji yaliyokaa chini ya mafuta. Huku kwetu, ambako usiku ni baridi na tangi linaloachwa nusu tupu hutoa jasho ndani, maji hayo si jambo la ajabu.

2. Jua gari lako linakula kiasi gani. Jaza tangi mpaka bomba la kituoni lijikate lenyewe, uandike kilomita zilizo kwenye dashibodi, ufanye kazi zako za kawaida, kisha ujaze tena kwenye pampu ile ile mpaka lijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Ukitembea kilomita 486 na kuongeza lita 62, gari lako linakwenda kilomita 7.8 kwa lita. Rudia mara tatu, kwa kuwa kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu kitu. Ukishaipata namba hiyo, safari yoyote unaweza kuipangia: kwenda na kurudi kilomita 250 ni lita 32, ongeza robo yake kwa ajili ya matope, foleni na kupotea njia, upate lita 40. Kosa la kawaida hapa ni kutegemea mshale wa mafuta. Gari likiwa limeinama mlimani mshale huo husema uongo, na dizeli ikiisha kabisa mfumo huingia hewa, ukalazimika kuitoa kwa pampu ya mkono gizani huku ndugu wa mgonjwa wamekuzunguka.

3. Ukipigiwa simu, uliza kabla ya kuwasha. Mgonjwa yuko wapi hasa, hali yake ikoje, barabara ya huko imenyeshewa au la, na nani anamsubiri upande wa pili. Ikiwa safari imetoka kituo cha m-mama kinachopokea simu za namba 115, maelezo mengi utayapata kwa mratibu. Hakikisha umeyasikia, usikate simu baada ya neno la kwanza. Dereva anayeondoka mbio bila kuuliza ndiye anayefika kwenye zahanati isiyo yenyewe, kisha akaitafuta ya kweli kwa mafuta ya mara mbili.

4. Kubaliana na muuguzi. Maneno matatu yanatosha: "taratibu", "simama", "endelea". Yeye ndiye anayejua hali ya mgonjwa, na wewe ndiye unayejua barabara. Asikuamuru mwendo, nawe usimbishie anapotaka gari lisimame ili atafute mshipa. Kabla hujaachia klachi, tazama kupitia kidirisha uone kama mgonjwa amefungwa mikanda, mtungi umeshikiliwa, na ndugu aliyepanda ameketi. Breki ya ghafla kwa mwendo wa 60 humtupa mtu aliyesimama nyuma kama gunia.

5. Chagua mwendo kwa barabara unayoiona, usiuchague kwa hofu uliyonayo. Viwango ninavyowapa wanafunzi wangu ni hivi, na vyote ni vya juu kabisa kwa sehemu inayotajwa:

- Lami nyoofu, kavu, mchana: 80. Kwa mgonjwa ambaye muuguzi amesema kila dakika ina thamani, na njia ikiwa wazi mbele, usipite 100.
- Maeneo ya makazi: 50, ambao ndio ukomo wa kisheria. Mbele ya shule, soko au mnada: 30.
- Changarawe iliyochongwa vizuri: 50. Yenye mawimbi au mawe yanayotambaa: 40 au chini yake.
- Kona za mlima: mwendo unaokuwezesha kukaa upande wako bila kukanyaga breki ndani ya kona, ambao mara nyingi ni kati ya 20 na 40.
- Mvua: punguza theluthi moja ya kiwango cha barabara kavu.
- Ukungu: ukiona mita 30 mbele, usizidi kilomita 30 kwa saa, na taa ziwe za chini, kwa sababu taa kamili hugeuka ukuta mweupe mbele ya macho yako.

Hiyo ya ukungu isome mara mbili ikiwa utafanya kazi Isongole, Mufindi, Njombe au Makete. Kuna asubuhi ambapo unatoka Uyole jua likiwaka, na kabla hujapoa kwenye kiti, kule Isongole, huoni hata kioo chako cha pembeni. Usimfuate mwenye taa nyekundu mbele yako kwa imani kwamba yeye anaona. Naye pengine anamfuata mwingine.

Mgonjwa naye ana mwendo wake. Aliyevunjika paja, mama mwenye uchungu na mtu mwenye jeraha la kichwa wote huumizwa zaidi na kuongeza na kupunguza mwendo kuliko na mwendo wenyewe. Anayekwenda 70 bila kutikisika humfikisha mgonjwa akiwa na hali bora kuliko anayecheza kati ya 50 na 100, na jambo zuri ni kwamba huyo wa 70 ndiye pia anayetumia mafuta kidogo. Kila unapokanyaga breki unatupa dizeli uliyokwisha kuilipia ili gari lipate mwendo ule. Kwa hiyo tazama mbali, ondoa mguu mapema, uliache gari lipungue lenyewe.

6. Unapopanda, badilisha gia mapema na uwe na subira. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Ukikanyaga mpaka chini wakati gari halina cha kutoa, dizeli ya ziada haigeuki kuwa mwendo, bali hugeuka kuwa moshi mweusi. Shusha gia, iache injini izunguke vizuri kati ya mizunguko 1,800 na 2,500 kwa dakika, na ukubali kwamba lori lililo mbele yako litakuchelewesha kidogo. Kulipita kwenye kona ya mlima Kitonga kwa kutegemea king'ora ni kucheza kamari na roho za watu wanne, kwani lori linaloshuka kutoka Ilula haliwezi kukupisha hata dereva wake akitaka.

7. Unaposhuka, gia ndiyo breki yako ya kwanza. Kitonga, Mlima Nyoka, Inyala, mteremko wa Iwambi unaoingia Mbalizi, na ile ya Kawetire kwenye barabara ya Chunya, yote inataka jambo moja: ingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, wala si ukiwa katikati yake. Gia ambayo ungeitumia kuupanda mlima ndiyo ya kuushukia. Breki ikanyagwe kwa nguvu kiasi, kwa muda mfupi, kisha iachwe ipoe. Kuikanyaga mfululizo huchemsha mafuta ya breki, na pedali ikianza kuzama laini chini ya mguu umeshachelewa.

Hapa kuna ushauri wa kijiweni ambao ni lazima niupinge waziwazi, kwamba kuweka nyutro kwenye mteremko huokoa mafuta. Injini ikiwa kwenye gia na mguu wako haupo kwenye mafuta, pampu hukata dizeli karibu yote, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini huanza kunywa dizeli ili isizimike. Kwa maneno mengine, anayeporomosha gari kwa nyutro anatumia mafuta mengi zaidi na ameitupa breki yake ya kwanza. Anayeizima injini kabisa amefanya vibaya zaidi, maana usaidizi wa breki na wa usukani hutegemea injini inayozunguka.

Kumbuka pia kwamba kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa mgonjwa hupandishwa Kitonga, na ni wakati wa kurudi, gari likiwa tupu na dereva amechoka na kuridhika, ndipo hushuka. Gari tupu la wagonjwa halina dharura. Zima king'ora, zima taa za juu ya paa, nenda 70.

8. Mjini, king'ora huomba njia, hakiitengenezi. Kati ya Uyole na Mbalizi utakutana na malori, daladala, bajaji na bodaboda, na kwenye maeneo kama Mafiati, Kabwe na Mwanjelwa watembea kwa miguu hawasikii king'ora kinatoka upande gani kwa sababu sauti hugonga majengo na kurudi. Kwenye makutano yenye taa nyekundu, simama kwanza, hakikisha kila upande umekuona, ndipo upite kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Baada ya kupita, angalia kioo: mara nyingi kuna bodaboda wawili watatu wamekuganda nyuma wakifaidi njia uliyofunguliwa, na ukifunga breki hao watakuwa wagonjwa wako wapya.

9. Ukifika, zima injini. Hardtop iliyosimama ikinguruma hutumia lita moja na zaidi kwa saa, na kusubiri kwenye mapokezi ya hospitali ya rufaa kunaweza kuchukua saa mbili. Kuna jambo moja ambalo sitaki uokoe mafuta kwalo: mtoto mchanga. Miezi ya Juni na Julai, kabla ya kumchukua mtoto Makete au Njombe, washa injini na hita dakika kumi kabla, ili chumba cha nyuma kiwe na joto anapoingia. Mtoto akiwa amefungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na chumba kina joto, lita hizo ni halali kabisa.

10. Andika papo hapo. Kilomita za kuondoka, za kufika na za kurudi, lita, muda wa kusubiri injini ikiwaka, na hali ya barabara. Ukiandika "matope kuanzia Matamba, fowili kilomita 18", hakuna atakayekuuliza kwa nini safari ile ilikula zaidi.

Likitokea tatizo

Ulaji wa mafuta umepanda ghafla. Anza na vitu rahisi: upepo wa tairi, kisha chujio la hewa, ambalo baada ya wiki moja ya vumbi la kiangazi huweza kuwa limeziba kabisa. Halafu angalia kama fowili imesahauliwa. Kuitumia kwenye lami kavu hula mafuta na huumiza gia, na wengi huisahau wanapotoka kwenye matope kurudi barabara kuu. Baada ya safari, weka kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa; lenye joto kuliko mengine lina breki inayoshika. Usipopata kitu, tazama chini ya gari kama kuna uvujaji. Na kama bado, funga mfuniko wa tangi kwa kufuli, kwani zipo dizeli ambazo hazikuliwa na injini.

Moshi mweusi mlimani. Ukipungua unapolegeza mguu, tatizo ni mguu. Ukiendelea, angalia chujio la hewa, kisha fundi apime nozeli zinazonyunyizia dizeli kwenye injini.

Gari linakosa nguvu na kukatakata likipanda, lakini kwenye tambarare liko sawa. Kwanza badilisha chujio la dizeli, umwage maji, ndipo umwite fundi wa pampu.

Joto la injini linapanda. Zima kiyoyozi, shusha gia, fungulia hita hata kama mtaungua kidogo ndani. Likiendelea kupanda, egesha na uiache injini izunguke bila mzigo. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa moto.

Harufu ya breki kuungua kwenye mteremko. Egesha mahali salama, weka mawe kwenye magurudumu, subiri. Usimwagie maji, kwa kuwa chuma chenye moto hupasuka. Pedali ikizama, ipige haraka haraka mara kadhaa, shusha gia moja baada ya nyingine, vuta breki ya mkono kidogo kidogo, na ikibidi lisugue gari kwenye ukingo wa upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde.

Ndugu wa mgonjwa anapiga kidirisha akipaza sauti, "Kaka, kanyaga mafuta, anakufa huyu!" Usigeuke nyuma na usibishane. Mjibu kwa sauti ya chini, "Nimekusikia, mama, tunakwenda, kaa chini ufunge mkanda," kisha umwachie muuguzi aendelee naye, nawe ushikilie mwendo ule ule uliokuwa nao kabla hajapiga kidirisha.